Gari la Mkunga na Mlima wa Tangi
Mkunga alipoleta gari lake gereji hakusema ni bovu. Alisema, "Nataka lipande mlima."

Fundi aliitwa Kimya, kwa kuwa mdomo wake haukujua likizo. Alikizunguka kile kigari chekundu, akafungua boneti, akacheka. "Mama, injini hii ni ya cherehani. Ukitaka cha kupanda milima, nunua kingine."

"Sina uwezo wa kingine. Nina hiki na mshahara wangu. Fanya linalowezekana, kidogo kidogo."

Kimya alikuwa mgeni, hakujua habari za mlima. Watu wa bondeni walizijua. Miezi mitano nyuma, wifi yake mkunga, mke wa mdogo wake, alishikwa na uchungu ghafla asubuhi. Akajifungua salama nyumbani, mtoto wa kike, kisha damu ikakataa kusimama. Walimlaza kiti cha nyuma, mumewe akaketi naye, mkunga akashika usukani. Hospitali ilikuwa ng'ambo ya mlima wenye tangi la maji. Katikati ya mwinuko gari likaishiwa nguvu. Likazimika, likawashwa, likarudi nyuma. Mwishowe mdogo wake akashuka kusukuma, na wapita njia wakasaidia. Dakika ishirini na sita. Wifi alikata roho kwenye lango la hospitali.

Tangu hapo, kila akipanda mwinuko, mkunga alihisi magoti yakimsukuma mgongoni kupitia kiti. Barabara ikilala, yalitulia. Alikuwa mwanamke wa vipimo na saa, hivyo hilo hakumwambia mtu.

Kimya alianza na vya bure. Alitoa kwenye buti matairi mawili mabovu, madumu, na mfuko wa saruji ulioganda zamani. "Gari hili limebeba ukoo mzima," alisema.

"Toa na kiti cha nyuma."

"Sasa wagonjwa wako watalala wapi?"

"Kitoe, fundi. Ni uzito."

Kilipotolewa, mkunga alikuwa akitazama barabarani.

Kisha filta ya hewa, iliyokuwa imezibwa na vumbi hata huoni karatasi yake. Plagi mpya. Kabureta ikasafishwa. Matairi yaliyolegea kama mashavu ya bibi yakajazwa upepo. Mwezi uliofuata zikaja shokapu za mtumba, zilizofunguliwa kwenye gari lililokatwa vipuri, na kigari kikaacha kuyumba kwenye kona. Kila mara mkunga aliupanda mlima, akarudi gereji na neno moja: "Bado."

Jumamosi moja Kimya akainua nyuma kwa jeki, akajaribu kuzungusha tairi la kushoto kwa mkono. Likagoma. Akalifungua. Waya wa breki ya mkono ulikuwa umeshikwa na kutu, hata ukiiachia breki, lile tairi halikuachiwa. Kimya, ambaye kwa wakati huo alishasikia habari za mlima, akanyamaza. Mkunga aliyekuwa ameketi pembeni akainuka.

"Limekuwa hivi tangu lini?"

"Kutu hii si ya jana, mama."

"Miezi saba, tangu siku ile?"

"Hata zaidi. Lilikuwa likipanda huku limefungwa mguu."

"Na dawa yake?"

"Waya mmoja tu," alisema Kimya, na hapo hapo akatamani angeimeza ile "tu".

Siku hiyo gari lilipanda mlima kwa gia ya tatu, dakika nne. Nyuma ya kiti cha mkunga palikuwa na sakafu tupu, na magoti yalimsukuma vilevile. Kesho yake akapanda tena. Ikawa kila akitoka kazini anapanda, anafika kwenye tangi, anageuza, anashuka. Wepesi wa gari ulimuumiza kuliko ule uzito.

Mdogo wake ndiye aliyemsimamisha. Alikuwa mlangoni pa nyumba yake, kando ya barabara, na mtoto begani. "Dada, kila jioni nasikia gari lako mlimani. Unakwenda wapi?"

Akamweleza habari za waya bila kupunguza neno. Mdogo wake akamlaza mtoto, akabaki ameinama.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Wiki moja kabla, si niliazima gari? Tairi lile lilikuwa la moto, linanuka. Niliogopa kukwambia. Nilidhani utasema nimeliharibu, halafu siku ya uchungu utaninyima. Nikakuacha ujilaumu msiba mzima."

Mkunga alitaka kumpiga, na alitaka kumkumbatia. Akakaa chini. Akauliza jambo ambalo hakupata kuliuliza. "Mlimani, wifi alikuwa akinisukuma kwa magoti. Aliumia sana?"

"Magoti gani? Alikuwa amelala, kichwa chake mapajani kwangu. Nyuma yako nilikuwa mimi." Akafuta uso kwa kiganja. "Nilikuwa nasukuma gari, dada. Niko ndani, nasukuma."

Hawakuzungumza wiki tatu. Halafu mkunga akakirudisha kiti, maana wajawazito hawalali sakafuni. Kina mama wengi wamevushwa mlima ule tangu hapo, na wamefika. Magoti hayajaacha. Amejua ni ya nani, na kujua hakukuyaondoa.

Mdogo wake hajaingia tena katika gari lile. Akiwa na safari ya ng'ambo humbeba mtoto mgongoni, akaenda kwa miguu. Mkunga akiwakuta mlimani hupunguza mwendo, huwapungia mkono, na kuwapita.