Chini ya Paa Moja na Kukhu

Harufu ya omena zilizopigwa na jua bado hunirudisha ndani ya gari lile. Lilikuwa gari la kulala, refu na jeupe, lenye vitanda, jiko la gesi, meza ya kukunja, na choo kidogo ambacho Mama alikataa katakata kitumiwe ila kwa dharura. Tulilichukua kwenye yadi moja kule Savage, karibu na mto, asubuhi ya kiangazi yenye joto, na kabla hatujatoka Minnesota lilikuwa tayari linanukia jikoni kwa bibi yangu. Bibi mzaa mama tulimwita Kukhu, kama Wabukusu wanavyowaita bibi zao. Omena hizo, dagaa wa ziwani, alikuwa amezitoa Kimilili, akazivusha bahari ndani ya begi la nguo, zimefungwa kwenye leso. Mama alipomwambia kwamba huko tuendako maduka yapo, Kukhu alilisogeza lile furushi karibu zaidi na miguu yake.

Safari yenyewe ilikuwa wazo la Baba. Kukhu alikuwa amekuja kutembea kiangazi chote, na katika mambo yote ya Marekani alilalamikia moja tu: kwamba Minnesota haina mlima. Kwake Kimilili akifungua mlango asubuhi anauona Elgon, na kwa huo mlima anajua kama mvua itanyesha na kama nguo zianikwe. Huku kwetu Brooklyn Center alifungua mlango akaona maegesho ya magari na kanisa. “Nchi hii imelala chali,” alimwambia Mama. Baba aliyasikia hayo akaamua kumpeleka akaone milima. Aliyasikia kwa Mama, kwa sababu Kukhu mwenyewe hakuwahi kumwambia Baba hata neno moja. Wala hawakuwa wamekosana. Baba alikuwa mkwe wake, na kwetu mtu na mama mkwe wake hawashikani mikono, hawatazamani usoni, hawali pamoja, na zaidi ya yote hawalali chini ya paa moja. Hiyo ndiyo heshima yenyewe, na haiondoki mpaka ifanyike siku maalumu ya kuiondoa, siku yenye wazee, mbuzi, blanketi na nyimbo. Baba na Mama walioana Saint Paul katikati ya baridi kali, wageni wachache, na siku ile haikuwahi kufanyika. Kukhu alikuwa akiisubiri tangu kabla sijazaliwa. Gauni la kuvaa alishalichagua.

Basi Kukhu alilala kwa mama mdogo, ambaye alikuwa bado hajaolewa na aliishi karibu nasi. Mchana alikuja kwetu, akapika, akanisuka, akanikemea. Gari la Baba likisikika likiingia, yeye alijifunga leso vizuri na kutokea mlango wa nyuma huku Baba akiingia kwa mlango wa mbele, polepole, akikohoa kwa nguvu ili kumpa nafasi. Mimi nilikuwa na umri wa miaka tisa na mwanzoni niliona ni mchezo mtamu sana. Kisha siku yangu ya kuzaliwa ikafika, keki ikakatwa mara mbili, mara ya kwanza na Kukhu na mara ya pili na Baba, na hapo nikaelewa kwamba watu wawili niliowapenda kuliko wote sitawapata kamwe katika chumba kimoja. Niliumia. Kilichonishangaza zaidi ni kwamba Baba alikuwa muuguzi katika nyumba ya wazee kule Plymouth. Kutwa alikuwa akiwanyanyua mama za watu wengine, akiwalisha, akiwachana nywele, akiwaimbia. Mkono wa mama yake mkwe hakuwahi kuugusa.

Na Baba huyu mwenye heshima zote ndiye aliyemkodia mama mkwe wake nyumba yenye magurudumu, akasahau kwamba nyumba ile ilikuwa na paa moja tu. Mama ndiye aliyeliona, tena tukiwa tumeshapakia magodoro. “Na wewe utalala wapi?” aliuliza. Baba alisimama pale na mto wa kulalia mkononi, akafikiri, kisha akaenda dukani na kurudi na hema dogo la kijani ambalo hata mimi lilinibana. Kuhusu mchana walielewana bila kuongea: Kukhu alikaa kiti cha nyuma kabisa, na Baba akakigeuza kile kioo cha ndani kikatazama juu, asije akamwona mkwe kwa bahati mbaya. Alivuka Dakota Kusini nzima akitegemea vioo vya pembeni.

Dakota ile sitaisahau. Upepo ulilisukuma gari mpaka vikombe vikagongana kabatini. Alizeti zilijipanga mpaka macho yakachoka, halafu nyasi, halafu marobota ya majani makavu, halafu nyasi tena. Kukhu aliwakagua ng'ombe wa njia nzima kupitia dirishani na kutoa hukumu: huyu amekonda, wale wana mchungaji mvivu, yule anafaa kwa mahari. Kila jioni Baba alilisimika hema lake mbali na gari, na mimi ndiye niliyempelekea sahani ya ugali na omena. Mama alibaki katikati akipeleka maneno. “Mwambie mkwe asilale karibu na ile miti,” Kukhu alikuwa akisema, na Baba, aliyekuwa amesimama hapo hapo akisikia kila kitu, alikuwa akijibu, “Mwambie Mum asijali, mimi nita-manage.” Asubuhi alitoka hemani shingo imepinda, akitabasamu kwa taabu.

Siku milima ilipotokea, Kukhu alikuwa anachambua mchele. Aliiacha sinia mapajani. Mwanzoni ilionekana kama mawingu, kisha tukaiona theluji juu yake, tena katika joto lile, na barabara ikaanza kupanda huku misonobari ikitubana pande zote mbili. Kukhu aliiangalia muda mrefu, midomo ikichezacheza, akasema, “Hapo sasa.” Baba hakuweza kumwona, lakini nilimwona yeye akijikaza asicheke kwa furaha.

Tulifika kambini ndani ya hifadhi jua likiwa bado halijazama. Mlinzi alitujia, mzungu mzee mwenye kofia pana, mpole sana, na Baba alikuwa ameshaanza kupigilia vigingi vya hema. Mlinzi akatikisa kichwa. Akaeleza kwamba kambi ile ni ya magari yenye kuta ngumu peke yake. Mahema hayaruhusiwi, kwa sababu ya dubu. Dubu walikuwa wameonekana wiki ile ile wakipita katikati ya kambi. Kisha akanusa hewa, akauliza kwa adabu ni chakula gani kile, akaomba kifungiwe ndani na mtu yeyote asilale nje. Kambi nyingine zote zilikuwa zimejaa, na mji tuliouacha nyuma ulikuwa mbali kwa njia ya mlima ambayo Mama aliapa hataishuka gizani.

Mama alimweleza Kukhu, na Kukhu akakaa kwenye benchi la meza ya mbao iliyokuwa nje, mikono mapajani. Baba akasema angekaa kwenye kiti cha dereva mpaka kuche. “Hicho kiti si kiko chini ya paa hilo hilo?” Kukhu akamuuliza Mama. Baba akasema basi angekesha kwenye choo cha kambi, kile cha mawe, mlango wake una komeo. Kukhu akasema yeye ndiye angeenda huko chooni, yeye ni mzee, dubu angemla nyama ipi. Mama akashika kichwa. “Mum, please,” alisema, “hakuna mtu analala choo.” Na mimi nikauona msitu ukianza kuwa mweusi nyuma ya Baba.

Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Enzi hizo Kukhu akiniongelesha kwa Kiswahili nilimjibu kwa Kiingereza, kama watoto wote wa kanisani kwetu, naye alikuwa amekwisha kukata tamaa nami. Jioni ile nilimwendea nikamshika magoti, na maneno yakanitoka yenyewe. “Kukhu, tafadhali. Baba ataliwa.” Nililia kwa sauti mpaka majirani wa gari la pembeni wakafungua pazia.

Kukhu alinifuta uso kwa ncha ya leso yake. Akamtazama Mama, akatazama ule mlima, kisha akavuta pumzi na kusema polepole, “Nilitaka siku hiyo iwe na watu wengi. Nilitaka dada zangu wote waone.” Hata mimi niliyekuwa mtoto niliona anatoa kitu kikubwa. Kisha akainuka na kuanza kuamuru. Mbuzi yuko wapi? Mbuzi alikuwa mguu mmoja, umeganda kwenye sanduku la barafu, Baba aliununua Brooklyn Center kwa ajili ya kuchoma. Kukhu akaukagua. “Atatosha,” alisema. Blanketi? Alikwenda kitandani kwake akalitoa lake mwenyewe, jekundu, alilosafiri nalo tangu nyumbani. Mzee wa kushuhudia? Akanyoosha kidole kwa mlinzi, aliyekuwa akizungumza na majirani zetu. “Yule mzee wa kofia. Ana mvi za kutosha.”

Mlinzi alielezwa na Mama kwa kifupi. Sijui alielewa kiasi gani, ila alivua kofia yake na kuishika kifuani. Baba akaja na ule mguu wa mbuzi, ameupakata kwa mikono miwili, maji ya barafu yakimchuruzikia viatu, akauweka mbele ya Kukhu. Kukhu akamfunika blanketi mabegani. Akaanza kuimba, peke yake, wimbo ambao kumbe ulihitaji watu wengi, na Mama akauitikia huku analia. Kisha akanyoosha mkono. Baba, ambaye mikono yake kila siku ilibeba wazee wa watu bila wasiwasi, aliupokea ule mkono kwa ncha za vidole. Kukhu akamtazama usoni kwa mara ya kwanza, akamchunguza vizuri, kama mtu anayelinganisha na picha.

“Baba Nekesa,” alimwambia, akimwita kwa jina langu, “ingia ndani. Kuna baridi.”

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwake. Tukaingia sote, mlango ukafungwa kwa komeo. Tulikula meza moja, magoti yakigongana, Baba akitazama sahani yake kwa haya huku Kukhu akimwongezea ugali bila kumuuliza. Kisha Kukhu akalala kitanda cha nyuma, Baba akapanda kile cha juu ya kiti cha dereva, na pazia likavutwa katikati. Haikuchukua muda Baba akaanza kukoroma kwa fujo. Mama alimwita kwa kunong'ona, amejaa aibu. “Mwache,” Kukhu akasema gizani. “Amelala vibaya siku nyingi.” Nililala nikiwasikia wote wawili, na dubu hakuja, na hata angekuja nisingejali. Asubuhi Kukhu alikwenda mwenyewe akakaa kiti cha mbele, na Baba akakirudisha kile kioo mahali pake.

Siku hizi mimi ndiye ninayeendesha njia hiyo, na mume wangu, mtoto wa Minnesota, alimkumbatia Mama siku ya kwanza walipoonana na kumwita kwa jina lake. Mama alicheka tu. Sisemi ni vibaya. Ila nikiwaona wamekaa kochi moja wakigombania rimoti, nawaza kwamba ukaribu ule waliupata bure, na Kukhu aliulipia kwa siku aliyoingoja miaka yote. Dada zake hawakuiona kamwe, na lile gauni lilivaliwa kanisani tu.

Kukhu sasa amezeeka sana na anaishi Brooklyn Center, nyumbani kwa Baba, katika chumba kinachopakana na chake, ambako mkoromo wa Baba hupenya ukuta. Baba humpelekea chai, humkata kucha, na hugombana naye kuhusu dawa. Bado anafanya kazi Plymouth, na mara mojamoja hupangiwa zamu ya usiku. Zikifika zamu hizo Kukhu hunipigia simu kabla ya kulala, kuuliza baba yako atarudi lini. Mimi humwambia atarudi asubuhi, Kukhu, wewe lala. “Nitalalaje,” hunijibu, “na nyumba iko kimya hivi?”