Muhogo wa Mpakani na Makala Yangu Ndefu

Makala yangu ya muhogo, katika kamusi elezo ya mtandaoni, siku hizi inaanza na onyo: upo muhogo mchungu, una sumu, usiliwe kabla ya kumenywa, kulowekwa na kuanikwa mpaka ukauke. Historia ya zao lenyewe imehamishiwa kwenye makala yake, na anayeitaka anabofya. Mpangilio huu haukuwa wangu. Niliupinga muda mrefu, tena kwa maneno mengi.

Nilipostaafu ualimu nilirudi Newala, na kuandika makala hizo ndiyo kazi niliyojipa, bure, kwa simu, nikiwa barazani. Nyingine niliziandika tu. Ya muhogo niliipenda kupita kiasi. Niliweka mabaharia walioleta zao hilo kutoka ng'ambo, niliweka udongo wa uwanda wetu, niliweka majina ya kila aina kwa Kimakonde, Kimakua na Kiyao, mengine nikiyafuata kwa bodaboda hadi Lisekese. Mhariri mwenzangu mmoja, mtu wa Masasi ambaye sijawahi kumwona, aliandika kwenye ukurasa wa majadiliano kwamba makala imekuwa ndefu mno, habari ya sumu imefukiwa katikati, na wasomaji wengi wana simu ndogo na bando la kuungaunga. Akapandisha onyo juu. Nikalirudisha chini. Akalipandisha tena, nikalirudisha tena, na nikamwandikia jibu refu kuliko baadhi ya makala zake.

Hoja yangu ilikuwa ya nyumbani. Kwetu mtu akileta habari, hata ya msiba, haanzi na msiba. Anakaribishwa, anakaa, anapewa maji, anaeleza alivyotoka kwao na alivyoikuta njia, ndipo anafika kwenye neno lililomleta. Anayeropoka kutoka mlangoni anaonekana hakulelewa. Niliona makala nayo iwe na adabu hiyo. Mwenzangu akajibu kwa ule ufupi wake wa kuudhi: "Msomaji hakuja kukaa, mzee."

Basi mke wa mwanangu akaja likizo na binti yao, bado mdogo. Mkwe wangu ni mtu wa Moshi. Ndizi anazijua kuliko sisi sote, muhogo wetu hakuwahi kuupika. Mke wangu alikuwa msibani Tandahimba, kwa hiyo jiko likawa lake. Siku moja alipita mbele yangu na kapu la mihogo, akanipa shikamoo, akasema ameichimba kule mwisho wa shamba, kando ya njia, asije akakanyaga kunde. Nikaitikia marahaba. Kule mwisho wa shamba ndiko tunakopanda mchungu, ili nguruwe pori na wezi wakate tamaa wakiwa bado mpakani. Nilidhani atauanika. Hapa hakuna asiyejua kwamba muhogo wa mpakani ni wa makopa, wa kukausha na kusaga unga. Na mimi ni baba mkwe. Siulizi habari za sufuria.

Baadaye kidogo nikamsikia jikoni akimsomea mtoto habari za muhogo kutoka kwenye simu. Mabaharia, ng'ambo, mashua zilizojaa vipando. Zilikuwa sentensi zangu. Nikajiweka vizuri kitini. Alisoma kwa sauti nzuri, akitua kwenye kila mkato, nami nilifurahi kama mtu anayesikia jina lake likitajwa redioni. Akaingia kwenye udongo. Akaingia kwenye majina, akakwama kwenye la kwanza la Kimakonde, akacheka, akajaribu la pili. Habari ya sumu ilikuwa inafuata mara tu baada ya majina.

"Huyu naye hamalizi," akasema.

Mtoto alikuwa anadeka kwa njaa. Nikasikia simu ikiwekwa chini, kisha maji yakimiminwa na mfuniko ukigonga sufuria.

Niliogopa sana. Sikuwahi kukanyaga jiko lile mkwe wangu akiwa ndani, na sijui niliinukaje. Nilijikuta mlangoni napiga hodi.

"Karibu, baba," akasema, macho yamemtoka.

"Mwanangu, huo muhogo usiwape watu. Ni mchungu. Una sumu."

Akaiepua sufuria kwa mikono mitupu, akaiweka sakafuni, akapuliza vidole. Vipande vilikuwa vyeupe, vizuri, vimekatwa sawasawa.

"Lakini nimesoma, baba. Nimesoma mpaka nimechoka. Huyu aliyeandika anajua kila kitu, ila hajawahi kusubiriwa na mtoto mwenye njaa."

Nilimwambia aliyeandika ni mimi. Alicheka, akidhani namtania. Kisha akamtazama binti yake, aliyekuwa ameshakaa mkekani na sahani yake tupu akisubiri kupakuliwa, akaacha kucheka.