Chupa ya Jeli na Mkwezi wa Ushongo

Ile chupa ya jeli ilikuwa imebaki robo, na nilipoibinya ikatoa sauti: prrrrp. Ndefu, yenye majimaji, kama tumbo la mtu aliyelalia maharage. Hadi leo mtu akibinya chupa ya tomato kwenye kibanda cha chipsi, mie nasema zangu nipe kavu.

Sikutaka kucheka, ila nilicheka. Na kwa kuwa mimi ndiye niliyeshika chupa, na ndiye niliyesimama karibu kabisa na babu mgonjwa aliyelala kitandani, kikoi kimepandishwa hadi kiunoni, kicheko changu kikawa ruhusa. Wenzangu watano tuliokuwa tunafunzwa nao wakaangua kicheko.

Niseme kwanza nilifikaje pale. Kidato cha nne nilitoka na daraja la nne, nikapata kazi ya mapokezi kwenye kliniki moja ndogo Raskazone, ndani ya nyumba ya zamani yenye kuta nene. Kufungua mafaili, kuita wagonjwa, kufuta jeli kwenye matumbo ya wajawazito. Nilikuwa nafuta huku naangalia skrini. Mtoto anapunga mkono tumboni mwa mamake, mie machozi yananitoka utadhani ni shangazi yake. Nikajiapia siku moja nitaishika mashine ile ya ultrasound mwenyewe. Basi ilipoletwa mashine mpya, inayoonyesha damu ikikimbia kwa rangi nyekundu na buluu, pamoja na daktari wa kutufundisha, nikaomba nafasi, nikapewa. Siku hiyo nililala na daftari chini ya mto.

Hakuna aliyenidokeza kwamba picha zile zina harufu. Kabla ya skrini kuna ngozi ya mtu, na ngozi ina jasho, ina usaha, ina vipele. Wiki ya pili nilipima mguu wa matende wenye vidonda katikati ya mikunjo, nikatoka nje nikatapika kwenye maua ya kliniki, nikasukutua, nikarudi kuendelea.

Wiki ya tatu akaja babu. Alikuwa mkwezi wa minazi kutoka Ushongo, kafikia kwa binti yake huko Mabawa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanitazama nikivaa glavu.

"Mchumba," akasema, "ukinishika na mikono ya baridi nakurudisha kwenu."

Nikafurahi. Kwetu babu na mjukuu hutaniana hivyo, na utani ule ulinipunguzia aibu, maana mahali pa kupima palikuwa pale ambapo mjukuu hatazami. Alikuwa na uvimbe wa busha. Kila akikumbatia mnazi, alisema, anabanwa kama na mlango. Alitaka kujua mambo mawili tu: kile ni kitu gani, na kama atapanda tena. Kijijini walishaamua zamani kwamba ni madafu yanayolileta, kwa sababu mkwezi gani hanywi madafu? Miaka mitatu hajaonja hata moja. Anayaangusha, anawapasulia watu, halafu yeye anakwenda kunywa maji ya kisima.

Ndipo nikabinya chupa.

"Hayo ndo madafu yenyewe yanatoka," akasema mmoja wa wenzangu, na chumba kizima kikalipuka. Babu akatazama dari. Alitabasamu kidogo, akingoja kicheko kiishe.

Hakikuisha. Daktari akaweka kichwa cha mashine, akakisogeza taratibu, na pembeni ya dimbwi jeusi la maji ya busha nikaona nyuzi nyeupe. Zinajinyonganyonga, zinajikunja na kujikunjua bila kupumzika, ndani ya kamrija kembamba. Ni minyoo ya matende, mizima kabisa, ndani ya mtu aliyeniita mchumba muda mfupi uliopita. Mate yakanijaa mdomoni. Nikahisi kitu kinatambaa chini ya ngozi yangu mwenyewe.

Daktari akafurahi kupita kiasi. Alisema kuna watu wanastaafu hawajawahi kuiona ikicheza namna ile. Akaita watu. Akaja mhasibu, akaja mfamasia, akaja hata mlinzi na kofia yake mkononi. Simu zikatolewa. Mmoja akawasha taarabu kwenye simu, ati minyoo ipate ngoma. Mwingine akarekodi skrini, halafu mkono wake ukateremka, akarekodi na kitanda. Kulikuwa na mtu anatafuna chapati mle ndani. Namkumbuka hadi leo, mafuta kidevuni, anatafuna mdomo wazi, anainama aone vizuri. Kile kichefuchefu changu kikahama. Ile minyoo sikuichukia tena, maskini, yenyewe inaishi tu inavyojua. Nilichukia yale meno.

"Mmeona nini?" babu akauliza.

Hakuna aliyemjibu. Akauliza tena, kwa sauti ndogo zaidi. Daktari alikuwa anamwambia mtu asogee asimzibie. Na mimi niliyekuwa karibu kuliko wote nilikuwa bado na kicheko usoni, nakisikia kinakauka mashavuni kama makamasi.

Babu akajiinua, akafunga kikoi juu ya jeli ileile, akavaa kandambili. Alipokuwa anatoka ilikuwa inamchuruzika hadi kwenye kifundo cha mguu.

Nikamkimbilia. Nilimkuta getini anangoja bajaji. Nikamwambia yote kwa pumzi moja: ni busha, lina maji, na ndani mna minyoo hai iliyoletwa na mbu. Dawa ya minyoo ipo, na maji yanatolewa kwa upasuaji mdogo, na wengi wakishapona wanarudi kazini kwao. Ila lazima arudi, maana upande wa pili hatukuupima, na bila kuupima hawezi kupangiwa kitu. Na madafu hayahusiki.

"Hayahusiki?"

"Hayahusiki kabisa, babu."

Akaangalia barabarani. "Miaka mitatu," akasema.

Nikamwomba radhi kwa kumcheka. Akanigeukia, wala hakuwa na hasira, na hilo ndilo liliniumiza.

"Wewe kunicheka ni haki yako. Mjukuu hunicheka. Lakini mlango uliushika wewe, na wewe ndiye uliyewafungulia."

Bajaji ikasimama. Akaniambia atakuja Jumanne asubuhi. Akikuta watu wawili chumbani, atalala apimwe. Akikuta watatu, anarudi Ushongo na minyoo yake.

Nilipiga deki matone ya jeli kutoka kitandani mpaka mlangoni. Yalikuwa yameshika vumbi na alama za viatu, yananata, ikanibidi kukamua tambara la deki mara mbili tatu. Baadaye nikafungua simu. Video ilishaingia kwenye kundi letu. Inaanza na ile sauti ya chupa, halafu anacheka mtu mmoja peke yake kabla ya wengine. Ni mimi. Sauti yangu nzuri, ya furaha, ile ambayo mama huisifia. Nikaifuta. Nikawaomba wenzangu nao waifute. Wawili wakafuta, waliobaki wakaniita mshamba. Kesho yake nikaenda kwa daktari, nikamweleza sharti la babu na habari ya video. Akaiweka kalamu chini. Akasema kweli tulizidi, na siku hiyohiyo akawasimamia mmoja mmoja hadi video ikatoka kwenye kila simu.

Jumanne nilifika kliniki kabla ya mtu yeyote wa zamu ya asubuhi. Nikatoa viti vya chumbani kuvipeleka barazani, kimoja kimoja, nikabakiza cha daktari. Kioo cha mlango nikakiziba kwa kanga yangu. Nilikuwa nimekuja na chupa ya chai iliyojaa maji ya moto, nikayamimina kwenye beseni, nikayapooza kidogo, nikaiingiza chupa ya jeli kichwa chini miguu juu ili hewa ipande na jeli ishuke.

Dirishani nikamwona babu anashuka kwenye bajaji, kikoi kimepigwa pasi.

Nikaitoa chupa, nikaifuta maji, nikaibinya kidogo kwenye kiganja changu. Jeli ikatoka vuguvugu, bila sauti.