Biskuti Nyeusi ya Krimu Nyeupe

Mimi shule niliacha darasa la pili, lakini nyumba ya mawe Kitengela nimejenga kwa pesa ya mbuzi. Miaka ya tisini, kila siku ya soko, mimi na rika langu, mtu tulitahiriwa pamoja, tulinunua biskuti nyeusi yenye krimu nyeupe katikati. Kwetu Wamaasai morani hali chakula peke yake, na sisi hatukuacha hiyo hata tulipozeeka. Kila biskuti tuliipasua: yeye upande wa krimu, mimi upande mkavu.

Supermaketi zilipojaa Kitengela, koo la huyo rika langu lilikuwa limeanza kuziba. Hospitali ikamrudisha nyumbani kwake Kajiado, akimeza uji kidogo tu. Nikasema, biskuti yetu hawezi kukataa. Lakini dukani ile ya zamani sikuipata. Kulikuwa na ya krimu ya pinki, ya machungwa, na nyingine chokoleti ndani na nje. Nikabeba zote tatu.

Nikapasua ya pinki, nikamwekea krimu kwa ulimi.

"Umeniletea sabuni," akasema kwa sauti ndogo.

"Kula, wewe mzee mkaidi."

Ya machungwa aliitema. Ya chokoleti ilikaa mdomoni mpaka mke wake akaitoa kwa kidole.

Nikaanza kurudisha pakiti kwa mfuko. Yule mama akanishika mkono.

"Ziache, mzee. Watu wa matanga watahitaji kitu ya chai."

Mgonjwa alikuwa anasikia. Hakubisha.