Korido Inayoimba kwa Sauti ya Mama

Niliposhinda kazi ya kubuni korido ya kuingilia ukumbi mpya wa maonyesho hapa Eldoret, wenye ukumbi walitaka jambo moja: mtu aanze kusikia muziki kabla hajaketi. Nikachora sakafu ya mbao, kila ubao ukikanyagwa uamshe sauti ukutani. Nilijaribu ngoma, nikajaribu gitaa. Yote yalisikika kama simu ya kuchezea ya mtoto.

Ndipo nikakumbuka kwamba nilikuwa na sauti ya mama.

Mama alifundisha shule ya Yamumbi hadi akastaafu, na kanisani ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo. Kabla hajapasuliwa koo, daktari alimwonya kwamba sauti huenda isirudi ilivyokuwa. Nikamrekodi jikoni kwake, akiimba noti moja moja. Kweli haikurudi. Alibaki na sauti ya kukwaruza, na kuimba akaacha kabisa.

Nilimwomba ruhusa. Alikoroga chai kwa muda mrefu.

"Weka," akasema. "Lakini usiniite kuja kuisikiliza."

Sikumwita. Nilifanya kazi nikiwa na wasiwasi kwamba ninachokijenga kitamuumiza. Alasiri tuliyokuwa tukijaribu mitambo, nilimwona mlangoni, koti limelowa mvua. Alivua viatu asichafue mbao, akakanyaga ubao wa kwanza. Sauti yake ya zamani ikatoka ukutani, safi kabisa.

Akasimama. Nilidhani atarudi nyumbani.

"Nilikuwa naimba hivi?"

"Ndiyo, mama."

Akakanyaga wa pili, akarudi nyuma, akaruka mmoja. Nikagundua anatafuta wimbo kwa miguu, ule aliozoea kuanzisha Jumapili. Alipoupata, akaufuata chini chini kwa sauti yake ya sasa, ile ya kukwaruza, mpaka akafika mwisho wa korido. Nikaketi pale pale juu ya mbao.

"Inuka, unanizibia njia," akaniambia. "Wacha nipite tena."

Siku ya ufunguzi alikuja na akina mama wa kwaya, akampa kila mmoja ubao wake. Wageni wakajaa nyuma yao wakisubiri kuingia. Mlinzi akanijia, akaniuliza kama awaondoe akina mama.

Nikamwambia awaache, wimbo ulikuwa bado na beti mbili.