Boga la Bibi Paraska

Bibi Paraska hakuwahi kuficha kwamba mkwewe Tymofiy hamfai hata kidogo. Mwanamume gani yule! Kule kwao, karibu na Ternopil, Ukraine, alikuwa karani wa kiwanda cha sukari, mtu wa tai na mkoba. Kiwanda kilipofungwa akakimbilia Ureno, mjini Setúbal, akawa fundi wa kubandika vigae kwenye vyoo vya watu. Hilo angalau lilikuwa na udhuru, maana kazi ni kazi. Lisilokuwa na udhuru ni mambo yake ya nyumbani. Akitoka kazini, magoti yamemvimba, badala ya kukaa aletewe chakula kama mume wa mtu, anavaa aproni ya mkewe Lesia na kuanza kumenya viazi. Wanawe wote, aliwaogesha yeye. Nywele za mabinti, alisuka yeye. Jumapili baada ya ibada, Waukraine wenzake wakibaki uani mwa kanisa kupiga soga na kupitisha chupa, yeye huyoo, mbio nyumbani.

"Mtoto kakohoa tu, baba mzima unakimbia kama umeitwa na polisi," Paraska alimwambia siku moja.

"Sasa mama, nani atamshika?"

"Mimi nipo. Au mimi gogo?"

"Wewe upo, mama. Ila wewe unakigombeza kikohozi."

Paraska akasonya. Alikuwa ameletwa Ureno kulea wajukuu, na hata walipokua wote, habari ya kurudi kwake hakuna aliyethubutu kuigusa. Alikunywa borshi ya Tymofiy kila siku, na kila siku alisema supu gani hii, nyekundu tu kama maji ya kufulia nguo nyekundu, kisha akasogeza bakuli aongezewe.

Ndipo Solomiya, mjukuu wake mkubwa, akatangaza kwamba Jumapili wanakuja watu kumposa. Kijana mwenyewe aliitwa Duarte, Mreno, fundi wa miwani.

"Hata jina lako linamshinda kutamka!" Paraska alifoka. "Mtazaa watoto gani hao, wasioweza kuniita bibi?"

Kwao Paraska, mchumba asiyetakiwa haambiwi hapana. Anakabidhiwa boga mkononi, naye analibeba kijiji kizima kikimtazama, na hapo mambo yamekwisha. Jumamosi Paraska akaenda sokoni akachagua boga kubwa kuliko yote, na aliyelipandisha hadi ghorofa ya nne alikuwa Tymofiy. Bwege yule! Ungempa jiwe la kusagia angelipandisha vilevile.

"Kesho utampa wewe mwenyewe," Paraska alimwamuru. "Walau siku moja uwe baba."

"Nimekusikia, mama."

Solomiya, aliyekuwa mlangoni, alimsikia pia. "Baba, sikutanii," alisema. "Ukimpa Duarte boga hilo, naondoka naye hiyohiyo kesho, na hapa sikanyagi tena." Tymofiy akalibeba boga, akaliweka jikoni. Paraska alifurahi. Alijua mtu asiye na msimamo huishia kumtii anayepiga kelele zaidi, na mwenye kelele zaidi katika nyumba ile alikuwa yeye.

Jumapili wageni wakaja na keki na mvinyo. Duarte, suti ikimbana kwapani, alisimama mbele ya mkate uliowekwa juu ya taulo lililodariziwa, kwa desturi ya Waukraine, akatamka maneno ya Kiukraine aliyokariri, yote kombo. Paraska alimkonyeza mkwewe. Tymofiy akainuka na aproni yake kiunoni, akaingia jikoni. Solomiya akashika mkoba wake.

Tymofiy akarudi amelikumbatia boga. Duarte, maskini, asiyejua lolote, akanyoosha mikono yote miwili alipokee. Tymofiy akampita. Akaenda mpaka kwenye kiti cha mama mkwe, akaliweka boga mapajani pake.

"Mama," alisema kwa lugha ya kwao, wala hakupaza sauti, "miaka yote hii umenichumbia niwe mwanamume wa aina unayoitaka wewe. Jibu langu ndilo hilo."

Mama yake Duarte, akidhani mzee wa nyumba anapewa heshima, akapiga makofi. Solomiya akauachia mkoba. Paraska alitaka kusimama, lakini boga lilikuwa zito. Akamtafuta Lesia kwa macho, mwanawe wa pekee, wa kumzaa mwenyewe, aje amtue.

Lesia alikuwa anacheka machozi yanamtoka. Akainuka, akampita mama yake, akaenda kumfungua mumewe aproni. "Kaa, baba Solomiya," alimwambia. "Leo napakua mimi."

Chakula kikaliwa, keki ikakatwa. Paraska aliletewa kipande chake palepale alipo, akakila amelipakata boga.