Jiwe la Kikapu cha Sita

Ukikutana na Mama Sentimita barabarani, kabla hujamaliza kumwamkia umeshapimwa. Hafanyi makusudi. Miaka arobaini na mitatu nyuma ya cherehani ndiyo iliyomfanya hivyo: anakutazama mara moja, kuanzia mabegani hadi kwenye vifundo vya miguu, na tayari anajua kiuno chako kimeongezeka kiasi gani tangu mlipoonana. Bahati nzuri hasemi. Bahati mbaya anatabasamu, na wapo watu wanaovuka barabara kulikwepa tabasamu hilo.

Duka lake ni chumba cha mbele cha nyumba yake. Cherehani iko dirishani, meza ya kukatia iko katikati, na kwenye kona kuna kioo kirefu na pazia la kubadilishia nguo ambalo limepinda upande mmoja. Pazia hilo alilishona mwenyewe siku aliyokuwa na homa, na kila mwaka anaapa kulifumua. Mteja akisimama mbele ya kioo na kubana tumbo ili apimwe mwembamba, Mama Sentimita anashusha futi na kusubiri. "Pumua," anamwambia. "Mimi namshonea mtu anayepumua." Hata mwanasheria mmoja mkubwa wa mji huo aliwahi kuamrishwa apumue, na akapumua.

Jumamosi saa tatu asubuhi anafunga duka, anavaa raba, anatia visahani vitatu kwenye mfuko alioushona kwa mabaki ya kitambaa cha suti, na kwenda bustani ya umma kucheza. Ana miaka sabini na moja.

Mchezo wenyewe hauna makuu. Kuna vikapu tisa vya chuma vilivyosimikwa huku na kule kwenye bustani, kila kimoja na minyororo yake inayoning'inia. Unasimama mahali pa kuanzia, unarusha kisahani cha plastiki, unakifuata kilipoangukia, unarusha tena kutoka hapo, hadi kigonge minyororo na kudondokea kikapuni. Aliyerusha mara chache ndiye mshindi. Hakuna kiingilio, hakuna refa. Kila mtu anahesabu mirusho yake mwenyewe, akimaliza anataja idadi, na wenzake wanaipokea bila kuuliza. Mwaka wa kwanza mmoja wao, Kinyozi, aliwahi kuuliza, "Una hakika?" Alinuniwa vikapu vitatu mfululizo.

Wachezaji ni watatu tu. Kinyozi ana chumba chake mkabala na duka la Mama Sentimita, ana miaka arobaini na kitu, na mdomo wake haujawahi kupumzika tangu ulipoanza kazi. Shemeji ni mdogo wa marehemu mume wa Mama Sentimita. Aliendesha gari la wagonjwa miaka thelathini, na tangu alipostaafu hataki kuharakishwa na mtu yeyote kwa jambo lolote. Anatembea nyuma, mikono mgongoni, akitazama bata.

Na bustani inastahili kutazamwa. Kikapu cha kwanza kiko kwenye uwanda wa majani mafupi, cha tatu kimejificha kati ya miti mirefu ambayo asubuhi inadondosha umande shingoni mwako, na ukifika cha nne juu ya kilima unaona mapaa yote ya mji. Kisha njia inateremka hadi bwawani, na hapo ndipo kilipo kikapu cha sita. Kipo ng'ambo. Hakuna ujanja: ama kisahani kivuke maji, ama kizame.

Juu ya kikapu hicho ndipo Mama Sentimita alipoiweka nyumba yake rehani, na ilikuwa kwa hasira zake mwenyewe.

Mwaka uliopita aliteleza bafuni, akalala sakafuni tangu alfajiri hadi karibu na adhuhuri, mpaka mteja aliyefuata suruali yake alipomsikia. Hakuvunjika kitu. Lakini binti yake, muuguzi katika hospitali ya mji mwingine, kila siku anawapokea wazee waliovunjika nyonga, na alikuja na gari siku iliyofuata akiwa amekata shauri. Mama ahamie kwake. Chumba kipo, tena kina dirisha kubwa. Mama Sentimita alikataa, binti akashikilia, sauti zikapanda, na mwisho mama akafoka: "Siku nitakayoshindwa kuvusha kisahani bwawani, njoo unichukue! Kabla ya hapo niache na cherehani yangu!"

Alidhani hayo ni maneno tu. Lakini binti amelelewa na fundi, naye akishapima hapimi mara mbili. "Sawa," alisema. "Kwa mrusho wa kwanza." Tangu hapo kila Jumamosi saa saba mchana simu inalia. "Shikamoo Mama. Kimevuka?" "Marahaba. Kimevuka." Wanaendelea na habari nyingine.

Mwanzoni kilivuka kweli. Halafu bega la kulia likaanza kukaza, na kisahani kikawa kinatua ukingoni kabisa, kwenye matope, kwa huruma tu. Na baadaye, ajabu, kikaanza kuvuka vizuri tena.

Mahali pa kuanzia kikapu cha sita palikuwa na saruji zamani, lakini mizizi iliipasua, wahudumu wa bustani wakaiondoa, na wachezaji wakaweka jiwe la bapa, pana kama mto wa kulalia. Unasimama nyuma ya jiwe, unarusha. Jumamosi moja Mama Sentimita alisimama hapo akaona kwamba benchi la mbao lililokuwa usawa wa bega lake sasa liko nyuma yake. Mtu mwingine angedhani benchi limehamishwa. Yeye alitazama jiwe, akatazama maji, akajua papo hapo: jiwe limesogezwa shubiri tatu. Jumamosi iliyofuata zilikuwa tano. Baada ya miezi miwili jiwe lilikuwa limeteremka hatua sita nzima kuelekea bwawani.

Kati ya watu wote wa mji huo, wamchague fundi cherehani kumwibia vipimo! Jambo hilo lingemchekesha kama lisingemwuma. Alijua ni nani. Kila wakikaribia kikapu cha sita Kinyozi alianza kupiga mluzi, na Shemeji, ambaye kwa kawaida huwa nyuma, aliwatangulia na kwenda kusimama mahali fulani kwenye majani, viatu vyake vikubwa vikiwa vimefunika sehemu iliyokauka na kugeuka njano.

Angesema. Kila Jumamosi alipanga kusema. Lakini aliwaza chumba chenye dirisha kubwa katika mji ambao hakuna anayejua jina lake la utani, akajitia hamnazo, akarusha. Kikavuka. Saa saba simu ikalia, naye akajibu "Kimevuka," na haukuwa uongo. Lakini, kama wateja wake, alikuwa amebana tumbo mbele ya kioo, na hapakuwa na wa kumwambia apumue.

Ndipo binti alipopata likizo ya siku tatu akaja. Ijumaa alikagua bafu, akagonga vigae, akafungua kabati la dawa. Jumamosi asubuhi akavaa raba. "Leo nakuja nanyi nione," alisema. Hakukuwa na ubaya wowote katika sauti yake.

Kinyozi alipomwona aliinama kufunga upya kamba za viatu vyake. Shemeji alimsalimu mtoto wa kaka yake kwa furaha iliyopita kiasi, akamwuliza habari za barabarani mara tatu.

Walimpa binti kisahani ajaribu. Kwenye kikapu cha kwanza alikirusha kikapinda kushoto, kikapita juu ya uzio wa maua na kumwangukia mzee aliyekuwa akisoma gazeti. Kwenye cha tatu kiligonga mti, kikarudi, kikamkosa Shemeji kwa unywele. "Muuguzi huyu anajitafutia wagonjwa," alisema Kinyozi, na hata Mama Sentimita alicheka hadi akashika mbavu. Akamwangalia binti yake akikimbilia kisahani kwenye majani, nywele zimemtawanyika, miaka arobaini na sita na anakimbia vile vile alivyokuwa akikimbia na miaka tisa, na akampenda kiasi cha kuumia. Juu ya kilima alikata shauri.

Walipoteremka bwawani mluzi ulianza. Shemeji alikuwa ameshafika kwenye sehemu yake, viatu pamoja, uso juu, akitazama mawingu.

"Shemeji," alisema Mama Sentimita, "naomba usogee."

"Hapa pana kivuli, shemeji yangu."

"Hapo hapana kivuli. Sogea."

Alisogea. Chini yake majani yalikuwa ya njano, na umbo la jiwe lilikuwa bado linaonekana wazi, hata kona iliyovunjika.

"Lirudisheni," alisema.

Mluzi ulikatika. Binti alitazama jiwe, akatazama majani, akawatazama wanaume wawili wazima walioinamisha vichwa. "Mama, kuna nini?"

"Waulize hawa."

Kinyozi ndiye aliyemwaga mtama. "Dada, nisamehe. Ni mimi. Kila Ijumaa nikishafunga napita hapa, nalisukuma kidogo. Shubiri mbili tu, naapa. Nilisema mkono wake unachoka, na mji huu bila mama huyu..." Alitafuta maneno, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akayakosa.

Shemeji aligeuka polepole, macho yamemtoka pima. "Wewe?"

"Mimi ndiyo."

"Mbona mimi ndiye ninayelisogeza? Kila Jumamosi alfajiri!"

Walitazamana. Kwa miezi miwili kila mmoja alidhani ni siri yake peke yake, na kila mmoja alikuwa akishangaa jiwe linavyokwenda kasi. "Nilifikiri ni maporomoko ya udongo," alisema Shemeji kwa unyonge. "Na mgongo wangu huu." Mama Sentimita alikuwa amehesabu njama moja kumbe zilikuwa mbili. Hilo hakulipima, na lilimgusa mahali ambapo hakuwa tayari kuguswa mbele za watu.

"Lirudisheni," alisema tena, kwa sauti ndogo.

Walilibeba pamoja, huku na huku, wakaliweka kwenye umbo lake. Alisimama nyuma yake. Kutoka hapo maji yalikuwa mapana, mapana kuliko alivyokumbuka. Alipiga moyo konde, akavuta mkono nyuma, bega likamchoma, akaachia.

Kilikwenda vizuri. Kilikwenda kimenyooka, juu ya maji, juu ya bata wawili waliokuwa wakielea, kikaanza kushuka, kikashuka zaidi, kikagusa maji hatua mbili kabla ya ukingo. Kikazama bila hata kelele.

Kwa mchezo ule mwenye kutaja idadi ni mrushaji mwenyewe.

"Moja," alisema Mama Sentimita. "Kimezama." Halafu akamgeukia binti yake. "Umeona. Na miezi miwili hii kilichokuwa kikivuka hakikuwa changu. Nilijua tangu wiki ya kwanza, nikanyamaza. Nitafunga virago. Nipe wiki mbili tu nimalize gauni la bibi harusi, maana yule mtoto ananenepa kila siku."

Alijitahidi liwe jambo la kuchekesha, lakini sauti ilimsaliti, na machozi yakamtoka bila kuomba ruhusa. Kinyozi naye alikuwa akijifuta uso kwa mkono wa shati.

Binti aliwatazama wanaume wale kwa jinsi anavyomtazama mgonjwa aliyesema anaumwa kichwa huku akishika tumbo. "Asubuhi," aliuliza, "nani anampitia Mama?"

"Mimi," walisema wote wawili, kisha wakatazamana tena.

Ikabainika kwamba tangu ile siku ya bafuni Shemeji hupita saa kumi na mbili na nusu kila siku kuomba chumvi, ingawa hajui kupika hata chai. Kinyozi hafungui chumba chake mpaka aone dirisha la ng'ambo limefunguliwa, na likichelewa anabisha hodi na taulo moja la kupindwa pindo. Ana mataulo thelathini na mawili yaliyopindwa mara mbili mbili.

"Nilidhani ni mzembe wa vitu," alisema Mama Sentimita.

"Ni mzembe pia," alisema Shemeji.

Binti alitoa simu mfukoni. "Nisomeeni namba zenu. Polepole. Na ya mke wako pia, kaka, kama mnaishi hapo hapo," alimwambia Kinyozi. Akasomewa, akaandika, akarudia kuhakikisha, kisha akampigia kila mmoja ili namba yake nayo ibaki kwao. Mama alisubiri, hakuelewa, au alielewa akaogopa kuwa amekosea.

"Na ahadi?" aliuliza hatimaye.

"Uliniahidi mimi, Mama. Nitaidai nikiona haja." Binti alirudisha simu mfukoni. "Mimi sikuwa na neno na kisahani. Bafuni pale, zile saa zote. Nilikuwa naogopa kwamba uko peke yako."

Mama Sentimita alimshika mkono. Kwa mwaka mzima alikuwa amemwambia kila mtu kwamba sakafu ile ilikuwa na ubaridi mzuri, kwamba alipumzika tu, kwamba angetaka angeinuka mwenyewe.

"Hata mimi, mwanangu," alisema. "Hata mimi niliogopa sana."